Skani Hapa, Mzee Wangu

Ujumbe umeingia saa hizi: "Ndugu Mshiriki, cheti chako kipo tayari! Bonyeza hapa." Nikabonyeza. Hapakuwa na cheti, palikuwa na fomu ya tathmini. Usipoijaza hupewi cheti. Swali la kwanza: "Kwa nyota moja hadi tano, teknolojia imeboresha vipi ushiriki wako kwenye kongamano?" Nikaweka nyota moja, nikaanza kuandika maelezo. Fomu ikanikata: maelezo yasizidi herufi 200. Herufi 200! Mimi salamu tu kwenye barua zangu zinazidi hapo. Basi nayaleta kwenu, ambako hakuna anayenihesabia.

Mimi ni mtu wa masijala, tena mwenye heshima zake. Halmashauri nzima, kuanzia mkurugenzi hadi dereva wa gari la taka, jalada lake likipotea huja dirishani kwangu kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tulipoitwa Arusha kwenye kongamano la mwaka la fani yetu ya kumbukumbu, nilikwenda kama afisa: nimechomekea, kalamu mbili mfukoni, barua ya mwaliko ndani ya bahasha ya kaki, imegongwa mhuri. Ya kibali cha safari na masurufu tuyaache, mnayajua.

Mlangoni palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza hapakuwa na kitu. Daftari hakuna. Ninaposema daftari mnanielewa: jina, kituo cha kazi, namba ya simu, sahihi, na ile safu ya pembeni ambayo ndiyo hasa imetutoa nyumbani. Pembeni ya meza lilisimama bango la kitambaa linalonizidi urefu, na kijana mmoja mwenye tisheti ya kamati.

"Shikamoo mzee wangu. Skani hapa."

Nikamtolea barua. Akaigeuza, akaangalia na nyuma.

"Hii baki nayo tu, mzee. Wewe skani, ni sekunde mbili."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hii michoro ya QR ilibuniwa Japani mwaka 1994, kwenye kampuni ya Denso Wave, na mhandisi Masahiro Hara na wenzake, ili kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Na kwamba ikitengenezwa vizuri inasomeka hata ikichafuka au kuchanika hadi asilimia 30. Sibishi, Wajapani ni watu makini. Lakini hawakuichapisha kwenye kitambaa mlangoni Arusha mwezi wa saba, upepo unakivimbisha, na afisa kutoka Kigoma kasimama mbele yake anajipiga selfi. Nikisogea kulia, bango linakwenda kushoto. Nikirudi kushoto, afisa wa Kigoma anabadilisha pozi. Mwisho kijana akapiga goti, akalishika bango kwa mikono miwili, nikaskani.

Ikafunguka tovuti. Tovuti ikasema pakua programu ya kongamano. Programu yenyewe ni nzito kuliko bando langu la wiki.

"Wi-Fi hamna?"

"Ipo, mzee wangu. Tena ina kasi."

"Paswedi yake?"

"Utaikuta ndani ya programu."

Nikanyamaza. Ukikaa masijala miaka mingi unajifunza kunyamaza. Lakini niseme ukweli: sisi watu wa makaratasi, pamoja na ubaya wetu wote mnaotusimanga nao, hatujawahi kufungia ufunguo wa kabati ndani ya kabati.

Kijana, Mungu amwongezee, akanirushia bando lake. Programu ikashuka. Ikauliza jina. Ikauliza namba ya usajili wa kitaaluma. Ikauliza navutiwa na mada gani. Nikaandika "kumbukumbu", ikakataa, ikanipa za kuchagua: Ubunifu, Uongozi, Mitandao, Ustawi wa Afya. Nikachagua Ustawi wa Afya kwa sababu kizunguzungu kilishaanza. Kisha ikasema: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako ya usajili.

Laini ya usajili iko kwenye kitochi. Kitochi kiko Singida. Na Singida kiko mikononi mwa mama Neema.

Nikapiga.

"Mama Neema, kuna meseji imeingia hapo sasa hivi, ina namba sita. Nisomee."

Kimya.

"Nani anaongea?"

"Mimi. Baba Neema."

"Baba Neema yuko Arusha, kwenye semina."

"Si ndiyo mimi, niko Arusha kwenye semina!"

"Mbona meseji yenyewe inasema usimpe mtu yeyote namba hii?"

Aliyemfundisha ni mimi. Jirani yetu alipolizwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nilimkalisha mama Neema sebuleni nikamhutubia: akipiga mkuu wa mkoa, usitaje namba. Akipiga askofu, usitaje. Hata nikipiga mimi, usitaje. Hilo la mwisho nililitilia mkazo, nikalirudia.

"Sauti siku hizi zinaigizwa na kompyuta," akaendelea. "Nimeona TikTok. Kama ni wewe kweli, mbuzi tuliyemuuza Pasaka alikuwa wa rangi gani?"

Nyuma yangu foleni ya maafisa kumbukumbu wa Tanzania Bara ilikuwa imetulia tuli. Watu wa masijala hatuna kelele. Tunasikiliza.

"Mweusi."

"Mweusi wote?"

"Ana baka jeupe."

"Baka liko wapi?"

"Mama Neema, kuna watu hapa."

"Baka liko wapi?"

"Pajani! Paja la nyuma, la kushoto!"

Sauti hiyo ilifika ukumbini. Najua, kwa sababu MC aliyekuwa anapima kipaza sauti alinyamaza.

"Na tulimuuza shilingi ngapi?"

Hapo pagumu. Bei niliyomuuzia na bei niliyoipeleka nyumbani ni kumbukumbu mbili, zinahifadhiwa kwenye majalada mawili tofauti. Nikavuta pumzi, nikataja ile ya jalada la wazi. Elfu sabini.

Akaridhika. Akanisomea tarakimu moja moja, kila moja akinitaka nirudie. Nikaingiza zote sita. Programu ikajibu: muda wa namba hii umekwisha, omba nyingine.

Kijana akaniangalia. Nikamwangalia. Akainama, akafunua kile kitambaa cheupe, akatoa daftari.

"Basi saini tu hapa, mzee wangu."

Lilikuwepo! Lina mistari, lina safu, lina hadi kalamu iliyofungwa kamba. Na kurasa mbili za mwanzo zilishajaa: wakuu wa idara, wakurugenzi, na mwenyekiti wa kamati ya TEHAMA, sahihi yake nzuri kabisa, ya mkono.

Ya ndani nitayapitia haraka. Mtaalamu wa nje alihutubia kwa Zoom, na kwa kuwa Zoom ya bure ina dakika 40, alikatika akiwa amesema "suluhisho la tatizo hili ni". Mpaka leo hatujalijua. Tukaonyeshwa wingu la maneno: kila mtu aandike kwenye simu neno moja la matarajio yake, na neno linaloandikwa na wengi linanenepa. Skrini nzima ikawa POSHO, na kule kwenye kona, kwa herufi za kuhitaji miwani, "uadilifu". Tukaambiwa turushe picha kwenye X kwa hashitegi ya kongamano, yenye kaulimbiu nzima ndani yake. Ukimaliza kuiandika, chai imekwisha. X yenyewe ndiyo ile iliyofungiwa nchini Mei 2025. Ukitaka kuifikia upite VPN, ile njia ya kuzunguka kilichofungiwa, na VPN tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitutaka tuzitolee taarifa. Watumishi wa umma, mchana kweupe, mgeni rasmi yuko mita kumi. Nikaweka simu mfukoni nikasema itifaki imezingatiwa.

Kitu kimoja nilikipenda, na nakisema bila kulipwa: ule ukurasa wa kuuliza maswali bila kutaja jina. Mtu akauliza kwa nini madaraja yetu hayapandi kwa wakati. Watu wakalipigia kura, swali likapanda juu kabisa ya skrini. MC akalivuka, likabaki pale pale. Akalivuka tena, kura zikaongezeka. Mgeni rasmi ikabidi alijibu. Alijibu kwamba amelipokea, ni kweli, lakini alilijibu akiwa amesimama, na hakuna aliyeandikwa jina. Kwa mkono juu na kipaza sauti kinachozungushwa, swali lile lisingeulizwa mpaka nastaafu.

Kwa hiyo msinifanye adui wa mitambo. e-Ofisi naitumia, dokezo langu linakwenda kwa mkurugenzi na kurudi bila tarishi kupanda ngazi. Linaloniuma ni jingine. Niliuliza: mada zilizotolewa tunazipata wapi? Nikaambiwa zitawekwa kwenye grupu. Grupu la WhatsApp mwisho ni watu 1,024, likajaa kabla Kanda ya Ziwa haijaingia. Walioingia wakatumiwa kiungo, na kiungo kinasema omba ruhusa kwa mwenye faili. Mwenye faili amebadilisha simu. Sasa hivi grupu ni la vitenge vya Congo na "Amina". Jamani! Sisi ndio tunaosimamia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002. Sisi! Na hatuwezi kuonyesha karatasi moja ya mkutano wetu wenyewe! Kitabu cha mada cha enzi za karatasi ninacho, kabati la pili, rafu ya juu, njoo na maombi ya maandishi nikuonyeshe. Cha mwaka huu ninachoweza kukuonyesha ni video ya droni, inapita juu ya vipara vyetu kwa muziki wa harusi. Walituleta tuwe mandhari. Wangenitumia ratiba kwa SMS ya kawaida siku moja kabla, na mada zote mahali pamoja pasipohitaji ruhusa ya mtu, ningewapa nyota tano na ya sita ningeichora kwa mkono.

Halafu programu ilikuwa na kitufe cha "kujenga mtandao wa kitaaluma". Unabonyeza, inakutafutia mwenzako mnayeendana. Mimi ilinitafutia kamati ya TEHAMA. Mtandao nilioupata ni yule wa Kigoma wa selfi, ambaye alinifuata kwenye chai na andazi mkononi, akaniuliza kwa heshima kubwa: "Kaka, mbuzi wa bei ile bado wapo?"

Nikamwambia wapo. Ningesemaje, na foleni nzima ilisikia elfu sabini? Sasa anapiga kila jioni. Anataka majike wawili kabla ya sikukuu, wenye afya, na wawe na mabaka kama yule, kwa bei ya jalada la wazi, na nauli ya kuwafikisha Kigoma anasema tugawane. Tugawane vipi, na mbuzi ni wake? Jana amempigia mama Neema moja kwa moja kwenye kile kitochi, sijui namba kaipata wapi, na mama Neema safari hii hakuuliza maswali, amepokea malipo ya awali.