DVD za harusi zichomwe kwa amri, si kwa kipanya

Fedha za korosho zikianza kuingia, harusi hapa Mtwara hufuatana, na baada ya harusi wenye studio tunadaiwa nakala. Kuna wanaosema DVD imekwisha, siku hizi ni flashi na simu tu. Waende Newala au Tandahimba wakaone deki ngapi bado zipo chini ya tivii, na wazee wangapi wanataka diski yenye picha ya maharusi ya kuweka kabatini.

Kwa hiyo kuchoma, yaani kuandika video kwenye diski, bado tunachoma. Ninachokipinga ni kumkalisha kijana mbele ya kompyuta abofye hatua zilezile kwa kila nakala: chagua faili, chagua draivu, punguza kasi, weka tiki ya uhakiki ili programu ikague kama diski imetoka sawa. Nakala za mwanzo atafanya vizuri. Jioni, wateja wakiwa wamejaa mlangoni, tiki ya uhakiki ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

ImgBurn, programu ya bure ya kuchoma diski kwenye Windows, ambayo toleo lake la 2.5.8.0 ni la mwaka 2013 na bado inachapa kazi, inapokea maagizo yote hayo kwa mstari mmoja:

ImgBurn.exe /MODE WRITE /SRC "%~1" /DEST E: /SPEED 8x /VERIFY YES /COPIES 10 /START /CLOSESUCCESS

Uandike kwenye Notepad ukitanguliza njia kamili ya mahali programu ilipo, kisha uhifadhi kwa jina linaloishia na .bat. Hiyo E: ni herufi ya draivu ya kuchomea, nayo %~1 inasimama badala ya faili lolote la ISO, yaani faili moja lenye kila kitu cha kwenye diski, utakaloliburuta na kuliachia juu ya faili hilo la amri. Bila /START dirisha litafunguka na kumsubiri mtu abofye, na hapo hujaokoa kitu. Ukiwa na draivu mbili, tengeneza faili la pili lenye F:.

Neno la mwisho kwenye mstari ule ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kuna /CLOSE na kuna /CLOSESUCCESS, na wengi huchukua la kwanza kwa sababu ni fupi. /CLOSE hufunga programu kazi ikiisha, iwe imefaulu au imeharibika. Kijana anarudi kutoka kununua chapati, anakuta kioo kitupu, anaamini mambo yamekwenda sawa, diski inaingia kwenye kasha. /CLOSESUCCESS hufunga pale tu kazi inapofaulu. Ikishindikana, dirisha linabaki wazi na kosa lake. Hata asiyejua kompyuta ataona kuna jambo.

Nimeshasikia kwamba amri ni mambo ya wasomi wa chuo. Sikubaliani. Msomi anachoma diski ngapi kwa mwaka? Anayechoma kutwa nzima ndiye mwenye haja nazo. Na amri huandikwa mara moja tu na anayezielewa. Wengine wanaburuta faili basi. Wanaotumia Linux badala ya Windows nao hawakosi chao: programu ya genisoimage hutengeneza ISO, growisofs huichoma.

Pingamizi lenye uzito ni muda. DVD ya GB 4.7 iliyojaa, kwa kasi ya 8x, huchukua kama dakika nane kuchomwa, na uhakiki unaweza kuongeza karibu nyingine kama hizo, kwa sababu diski nzima inasomwa upya na kulinganishwa na ISO. Kwa nakala kumi hizo ni saa mbili na zaidi. Lakini aliyetoka Masasi, karibu kilomita 200, diski yake ikiganda pale bibi harusi anapoingia ukumbini, hatarudi kuomba nyingine. Atawasimulia majirani, na harusi ijayo itarekodiwa na studio nyingine. Mwenye basi la mchana mimi humwekea video kwenye flashi, na diski zake namtumia kwa basi la kesho yake.