Foto ya ndoa hapa Lubumbashi: hizo dola zinaenda wapi?

Jumapili iliyopita tulikuwa mu komite ya ndoa ya leki yangu (mudogo wangu, ni yeye bibi arusi), kule Katuba, na miye njo nashika feza za komite. Tukapitisha sale (ukumbi), tukapitisha kasiye za bia na sukre (soda), hakuna mutu aliinua mukono. Kufika ku foto, dola 400, moto ukawaka. Yaya mukubwa (ndugu mukubwa) wa upande wa bwana arusi akasema huo ni wizi wa wazi, mutu anakuja na kamera anabonyeza kifungo masaa sita kisha anaenda na feza ambayo mwalimu haioni kwa mwezi. Mupiga foto alikuwa pale pale, kijana mupole, akajibu neno moja tu: "Yaya, kazi yangu hauione sababu inafanyika saa mumelala."

Toka siku ile niko nafanya hesabu, juu naona kila mumoja ako na haki yake, na sitaki kusema ndiyo-ndiyo kwa wote wawili halafu niende zangu.

Tuanze na kamera. Sony A7 III, ile batu wengi wa ndoa wanaijua, ilitoka 2018 kwa dola 2,000, na hapo ni mwili wa kamera peke yake, bila lenzi. Lenzi nzuri ya 24-70 ya kampuni ile ile ilitoka 2016 kwa dola 2,200. Shata ya kamera, kile kipande kinachofunguka na kufunga kila foto, imepimwa kufika karibu foto 200,000. Sasa ndoa moja ikikamatiwa foto 2,500, na ni jambo la kawaida, basi kamera inafanya ndoa 80 ndipo unaanza kuogopa. Gawanya: dola 25 kila ndoa zinakufa ndani ya kamera tu, hata flashi haujagusa, hata batri, hata taksi ya kutoka komine (ofisi ya serikali ya kufunga ndoa) mpaka kanisa mpaka sale. Na mutu wa kweli anabeba kamera mbili, juu ikizima moja bibi arusi akiwa anaingia kanisani hawezi kumuambia arudi inje aingie tena.

Halafu ile kazi ya usiku. Foto 2,500 za megabaiti 24 moja moja ni gigabaiti 60, na zinapaswa kukaa mahali pawili ao zaidi. Kati yake anachagua kama 400. Akishinda ku kila moja dakika mbili tu, kurekebisha mwanga, rangi ya ngozi, kukata pembeni, ni dakika 800, masaa 13 na zaidi mbele ya odinateri, na kuran (umeme) ikikatika anawasha gurupe (jenereta), esansi ni yake. Jumamosi nazo ni 52 kwa mwaka, na ndoa zinapenda kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ikishuka zinapunguka na mutu anaanza kula zile alizoweka. Kwa hiyo wale wanasema dola 400 ya masaa sita wanahesabu vibaya. Hapa niko upande wa kijana bila kuficha.

Lakini yaya mukubwa naye hajasema uongo yote. Dada yangu aliolewa, tukalipa bei ya juu kabisa, avansi nusu, ingine siku yenyewe. Tukangoja. Miezi ikapita, kila simu ni "wiki ijayo mama". Mwisho mupiga foto akakubali kwamba diski imekufa na hakukuwa kopi ingine. Dada yangu leo ako na foto kumi na moja za ndoa yake, zote za simu za wageni, na katika tatu baba yetu amefunga macho. Baba hayuko tena. Kwa hiyo mutu akiniambia bei yake ni ya juu sababu ya ubora, namuuliza kopi ngapi na ziko wapi, akianza kunionyesha droni na albamu kubwa kama mulango najua jibu.

Hapo njo pananiuma. Wengi wetu tunalipa vitu vinavyoonekana (droni, suti, vijana wawili wa kushika taa) na vile vinavyolinda foto yenyewe hakuna anayeuliza, na wapiga foto wamejua hivyo, wanatuuzia kile tunapenda kuona. Ingine ni bei ya uso, wakiona gari mu parsele (kiwanja cha nyumba) bei inapanda. Devi (karatasi ya bei) ya kuandikwa hakuna, tarehe ya kutoa foto hakuna, karatasi ya kusaini hakuna, halafu wanashangaa batu wanawaita wezi.

Banasema basi tutumie simu. Simu za leo, muchana, mu parsele, zinatoa foto safi sana, nakubali. Usiku mu sale ni mambo ingine, zile taa za bluu na zambarau juu ya watu wanaocheza, kile kipande cha ndani cha simu kinachokamata mwanga ni kidogo sana, cha A7 III ni karibu milimita 36 kwa 24, haviwezi kuona sawa. Lakini shida kubwa kwangu hata si mwanga. Ku dote (sherehe ya kutoa mahari) ya binamu yetu mumoja, baba alisimama akamuuliza binti mara ya tatu, mwanangu, hii mali tuipokee, tuikule? Parsele yote kimya. Kijana mwenye kurekodi alikuwa muzuri, mahali pazuri, na saa binti anafungua kinywa simu ikaita, ni mutu wa viti anauliza aingilie barabara gani. Video imekatika pale. Simu haikuwa na kosa, mwenye simu alikuwa na kazi zingine tano, ni mutoto wa nyumba. Mutu uliyelipa hana viti vya kuuliza.

Njo maana sikubaliane na kawaida yetu ya kuweka feza yote ya foto ku sale, na dote tunaachia simu. Kanuni ya familia ya Kongo ya 1987, hata ile waliyorekebisha 2016, inahesabu mahari kuwa sehemu ya ndoa yenyewe, siyo sherehe ndogo ya kupasha joto. Na usiku sana, batu wakiisha kucheza, wote wako na simu, hakuna kitakachopotea pale. Mama yangu ako na foto moja tu ya ndoa yake, ya studio, nyeusi na nyeupe, wamesimama wima kama askari, na inatosha kwake juu iko.

Tulimaliza kwa dola 300. Dote, komine, kanisa, ku sale mpaka gato ikatwe, kisha aende alale. Droni tukaiondoa. Kamera yenye kadi mbili zinazoandika pamoja, kopi moja anatupatia ku diski yetu siku ya pili, foto zote ndani ya mwezi moja, na dola 100 za mwisho anazipata akileta. Kijana alisaini bila shida, akasema ni mara ya kwanza familia inamuuliza ya kadi. Yaya mukubwa naye akasaini.

Dote ni Jumamosi hii. Nimemuomba kijana asikae upande wa wageni kama kawaida, asimame nyuma ya bega la baba, apate uso wa leki yangu saa anajibu.