Si Utupu Wanaoutafuta

Mtu akisikia kwamba wapo wakusanyaji wanaohangaikia filamu za watu wazima za Kijapani za miaka ya 1960, hudhani mara moja kwamba wanafuata utupu. Dhana hiyo haina mashiko, kwani utupu siku hizi umejaa kwenye simu bila malipo, ilhali filamu hizo, ambazo Wajapani huziita pinku eiga, zilibanwa na kifungu cha 175 cha sheria yao ya jinai, kinachokataza mambo machafu, hata zikalazimika kuficha mengi kuliko zilivyoonyesha.

Kwa maoni yangu, kinachowavuta ni ule ufukara uliozizaa. Zilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo, na kwa kuwa mkanda wa rangi ulikuwa ghali, nyingi zilikuwa za nyeusi na nyeupe isipokuwa katika matukio ya faragha. Mtazamaji hukaa muda mrefu ndani ya vyumba vya kijivu, kisha ghafla shuka linakuwa jekundu na mashavu ya mwigizaji yanaingia damu. Muda si muda rangi inazimika na hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilikuwa hesabu ya mwenye fedha tu, lakini mimi sijaona mbinu ya kisanaa inayoshtua kuliko hiyo.

Isitoshe, mwongozaji aliyetimiza idadi ya matukio ya faragha aliyoagizwa aliachiwa mengine yote. Ndiyo maana mwongozaji Koji Wakamatsu aliweza kuingiza siasa humo, na filamu yake iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 1965 ikaiudhi serikali ya nchi yake.

Uadimu nao una sababu ya kawaida kabisa: nakala zilikuwa chache, zikazungushwa kwenye majumba ya sinema hadi zikachakaa, kisha zikatupwa. Filamu ya Nikutai no ichiba ya mwaka 1962, ambayo wengi huihesabu kuwa pinku eiga ya kwanza, imebaki dakika 20 hivi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wakusanyaji, wale wanaozificha nakala zilizobaki. Bango la filamu lenye matundu ya pini linaweza kukaa ukutani kwa mtu miaka mingi bila madhara, lakini mkanda wa asetati, yaani plastiki ya filamu za zamani, unaofichwa ili thamani yake ipande huoza taratibu ukitoa harufu ya siki, na harufu hiyo ikishafika nje ya kabati, kazi ya kuunakili huwa imekwisha kuwa ngumu.