Tanuru Halizimwi, Gawio Limezimika

Ujumbe umeingia saa mbili asubuhi, chai haijachemka. "Ndugu Mwanahisa, Bodi haipendekezi malipo ya gawio kwa mwaka ulioishia Desemba. Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini." Haya, nani kasema anawaamini? Hisa 300 zilinunuliwa kwa hela, tena hela iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya bati.

Mwaka jana angalau kulikuwa na kitu cha kugombana nacho. Shilingi 18 kwa hisa, mara 300, ni 5,400. Kampuni yenyewe, ya kutengeneza chupa za kioo, haimo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo kodi ya zuio ni asilimia 10 badala ya 5. Zikatoka 540, zikabaki 4,860, simu nayo ikala ya kutolea. Mwekezaji akaondoka kwa wakala na hela ya nauli na muhogo wa kuchoma, bila kachumbari. Mwaka huu hata huo muhogo umefutwa. Wametuma kitabu.

Kurasa 120, karatasi nzito inayong'aa mpaka unajiona meno. Haifungi karanga, maana ukiikunja inafunguka. Haifungi maandazi, maana hainywi mafuta. Kuwashia mkaa ndiyo usijaribu, chumba kinanuka kama duka la rangi. Ukurasa wa 3 yupo Mwenyekiti, kakunja mikono. Ukurasa wa 5 Mkurugenzi Mtendaji, naye kakunja mikono. Ukurasa wa 9 kuna mfanyakazi mwenye kofia ngumu anaitazama chupa kwa mapenzi mazito, utadhani ndiyo kwanza katambulishwa kwake. Hesabu zenyewe zinaanza ukurasa wa 61, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Barua ya Mwenyekiti inatutangazia kwamba "faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na punguzo la thamani" imepanda kwa asilimia 6. Kabla ya vyote hivyo! Kwa mtindo huo hata kinyozi wa pale kona ni tajiri: kabla ya kodi ya fremu, kabla ya luku, kabla ya ada, kabla ya madeni ya Mangi. Halafu kuna mpango mkakati wenye nguzo tano. Kila mpango mkakati nchi hii una nguzo tano, ila paa hatujawahi kuonyeshwa.

Taarifa ya kampuni ya chupa haihitaji kusomwa yote, ndugu zangu. Tafuta mambo manne: tanuru lina umri gani, linayeyusha tani ngapi kwa siku, katika kioo kilichoyeyushwa ni asilimia ngapi iliyotoka ikafungwa kama chupa nzima, na chupa chakavu ni asilimia ngapi ya mchanganyo unaoingia tanuruni. Yanayobaki ni mikono iliyokunjwa.

Maana kiwanda cha chupa ni tanuru moja na watu wengi wanaolibembeleza. Ndani mna mchanga, magadi na chokaa, kwenye joto la nyuzi 1,500 na ushee. Mchanga peke yake unadai nyuzi 1,700. Magadi ndiyo yanayoulainisha uyeyuke mapema, kama yanavyoyafanyia maharage yaliyokaa ghalani. Chokaa nayo inazuia kioo kisiyeyuke kwenye maji, kwa sababu ukichemsha mchanga na magadi tu, mteja atakunywa soda na chupa yake. Na tanuru likishawashwa halizimwi. Idi, Krismasi, kuna oda au hakuna, miaka 10 hadi 15 mfululizo linakula gesi. Ukilizima ovyo, kioo kinaganda ndani, matofali yanapasuka, na wanahisa mnamiliki jiwe kubwa kuliko yote mkoani. Magadi yenyewe yananunuliwa kwa dola. Jirani zetu wa Ziwa Magadi, Kenya, wanayachimba zaidi ya miaka 100 sasa. Ya kwetu ya Engaruka tunayasikia kwenye hotuba.

Sasa twende kwenye Mkutano Mkuu wa wanahisa.

Mkurugenzi wa Fedha, kijana wa suti ya bluu inayobana kwapani, alitupia mchoro ukutani akasema, "Ufanisi wa uzalishaji ulishuka kidogo, kutoka asilimia 88 hadi 82, kutokana na changamoto za kiufundi." Ndiyo ile asilimia ya kioo kinachotoka chupa nzima. Kidole tayari kilikuwa kwenye kitufe cha ukurasa unaofuata. Mkono ukainuka safu ya nne. Mama mtu mzima, kajitanda kanga, miwani imefungwa kamba ya kiatu. Hisa zake 120, biashara zake mbili: vitumbua alfajiri, chupa chakavu mchana.

"Mwanangu, hiyo kidogo ni chupa ngapi?"

"Shikamoo mama. Ni asilimia sita tu."

"Marahaba. Tanuru linayeyusha tani ngapi kwa siku?"

"Mia mbili."

Mama akageuza kitabu aandike nyuma yake. Wino ukagoma, karatasi inateleza kama sabuni. Akaandikia kiganjani. "Sita kwa mia ya tani 200 ni tani 12. Chupa moja gramu ngapi?"

"Inategemea, mama, kuna aina..."

"Isitegemee."

"Ile ya kati, gramu 300."

"Basi ni chupa 40,000. Kwa siku." Kiganja kimejaa, akahamia kwenye mkono. "Na mmesema wenyewe tanuru halijui Jumapili. Mara 365. Chupa 14,600,000. Hiyo ndiyo kidogo?"

Ukumbi ukaguna kama basi linalopanda Kitonga. Kijana akafungua kifungo kimoja cha suti. "Lakini wanahisa waelewe, hazipotei. Chupa mbovu zinapondwa na kurudi tanuruni."

"Mimi nakaanga vitumbua," mama akasema. "Vikiharibika, tuseme navirudisha kwenye unga. Je, mkaa unarudi kwenye gunia?"

Hapo Mkurugenzi wa Fedha akamwita Meneja wa Ufundi. Ndiyo mtu pekee siku ile aliyeongea Kiswahili kinachoeleweka, na nadhani mwakani hatutamwona tena kwenye ile meza. Akasema hivi. Chupa inapulizwa kwa hewa ya kompresa. Umeme ukikatika hata dakika mbili, kompresa inasimama, lakini kioo hakina habari: madonge mekundu yanaendelea kudondoka, yanapita mashine iliyolala, yanaishia chini kwenye mfereji wa maji. Jenereta inapokea, sawa, lakini kalibu, yale maumbo ya chuma yanayoipa chupa sura, zimeshapoa. Kioo cha moto kikigusa kalibu baridi kinatoka na makunyanzi na nyufa za shingoni. Kwa hiyo dakika mbili za giza zinaweza kula saa nzima ya chupa. Kubadilisha kalibu kutoka chupa ya bia kwenda chupa ya pombe kali kunakula saa kadhaa. Kubadilisha rangi ndiyo balaa, maana huwezi kulimwaga tanuru ukaanza upya. Unatia dawa ya rangi mpya unasubiri ya zamani itoke, na kwa siku kadhaa unazalisha chupa za rangi ya maji ya mtaro, si kahawia si kijani, hakuna anayezitaka.

"Na zaidi ya yote," akasema, sauti imeshuka, "ni mawe." Tanuru likizeeka, kioo kinayala matofali, hasa usawa wa uso wa kioo pale kinapopakana na hewa. Chembe zinamomonyoka, zinapita humo humo, zinatokea kwenye chupa kama punje nyeupe ya ulezi. Chupa yenye punje hiyo haiaminiki. Inaweza kupita ukaguzi, ikajazwa, ikapasukia mkononi mwa mtu.

"Tanuru lina miaka mingapi?" mama akauliza.

"14."

"Lilitakiwa liwe na mingapi?"

Meneja akamtazama Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi Mtendaji akakunja mikono. "12, mama."

"Asante, baba, kaa. Wewe wa suti, rudi. Ukurasa wa 74, kila mwaka mnakata uchakavu, gharama ya tanuru kuchakaa, kwenye faida yetu. Miaka 14 mmekata. Iko wapi?"

"Mama, uchakavu si fedha taslimu. Ni ingizo la kihesabu."

"Mlitukata hela ambayo haipo?"

"Ilikuwepo. Ilibaki ndani ya biashara."

"Ndani wapi?"

Kimya. Feni ikasikika. Mwenyekiti akaitazama saa yake kwa heshima kubwa, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Jibu lipo, limefichwa kwenye maelezo ya 22, kule kwenye mayai ya chawa. Hela ililipa mkopo wa mashine, ikanunua kalibu, ikabanwa kwenye chupa zilizojaa ghalani zikisubiri wateja. Si wizi. Ni kwamba hakuna aliyeiweka pembeni kwa ajili ya siku ambayo kila mtu alijua inakuja. Sasa tanuru linafumuliwa kwa mkopo wa dola. Kioo kinamwagwa, tanuru linapozwa, linabomolewa, linajengwa kwa matofali ya kutoka nje, kisha linapashwa moto taratibu kwa siku nyingi ili tofali zitanuke bila kupasuka. Miezi miwili mitatu bila chupa hata moja, na mishahara inalipwa. Gawio letu ndimo lilimo, ndani ya tofali. Sasa si mngesema hivyo tu? Mistari miwili! "Tanuru limechoka, hatukuweka akiba, gawio hamna." Tungefoka, tungenuna, tungeelewa. Badala yake mtu analetewa kurasa 120 na nguzo tano! Nguzo za nini?

Samahani. Tuendelee kwa heshima ya mwekezaji.

Mama hakumaliza. Nguzo ya tatu inaitwa "uchumi mzunguko": kupandisha chupa chakavu kutoka asilimia 35 hadi 60 ya mchanganyo. Hapo kampuni ina akili. Kila asilimia 10 ya chakavu inayoongezwa inapunguza nishati ya kuyeyusha kwa karibu asilimia 3, na tani moja ya chakavu inaokoa tani 1.2 ya malighafi, kwa kuwa magadi na chokaa vikiingia motoni sehemu yake inapaa kama hewa, chakavu haipungui. "Kama ni mali kiasi hicho," mama akasema, "mbona kwenye mizani yenu bei ni ya mavumbi? Na juzi mmerudisha gari langu zima kwa kikombe kimoja cha kauri." Meneja wa Ufundi akainuka bila kuitwa. Kwa kikombe walikuwa na haki, akasema, kauri haiyeyuki kwenye joto lile, inatoka vilevile kama jiwe. Kwa bei, akakaa.

Waliobaki walikuwa wa kawaida. Mzee mmoja aliuliza mbona madirisha ya kampuni hayapo madukani. Akaambiwa kioo cha dirisha kinaelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ni kiwanda kingine kabisa. Mwingine alipongeza kofia za mwaka juzi. Wakaguzi wa hesabu wakachaguliwa tena ndani ya sekunde tisa.

Halafu chakula. Wali, kipande cha kuku kilichokatwa na mtu mwenye hasira, na soda. Soda ya chupa ya plastiki. Mkutano Mkuu wa kampuni ya chupa za kioo, wanahisa tunafungua vifuniko vya plastiki, krrr, ukumbi mzima.

Lakini wao watasema chupa za kioo hazipatikani, na si uongo. Nenda dukani utake soda ya kioo uondoke nayo. "Chupa haitoki." Utainywea hapo hapo umesimama juani, muuzaji anakukodolea macho kama umeshika mtoto wake. Na ikitoka ndiyo hairudi. Ya konyagi ina asali, ya bia ina mafuta ya nazi, ile ya mvinyo aliyokuja nayo mgeni wa Ulaya inahifadhi samli mwaka wa sita. Ndiyo chakavu hizo ambazo nguzo ya tatu inazitafuta.

Zilizovunjika nazo ziko juu ya kuta, zimesimikwa kwenye saruji, ncha juu, kumsubiri mwizi. Ukitoka mkutanoni ukashika barabara ya nyuma utaupita ukuta wa kiwanda chenyewe, mrefu kweli, mita na mita za vipande vya chupa: kahawia, kijani, nyeupe, kahawia. Hata huko juu wamechanganya rangi.