Kikokotoo: tugombanie asilimia au tuulize nani anadaiwa?

Tangu mkupuo wa wastaafu wa utumishi wa umma, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa pamoja mtu anapostaafu, upandishwe kutoka asilimia 33 hadi 40, Julai 2024, kelele za kikokotoo, kanuni ya kukokotolea mafao, zimepungua, ila hazijaisha. Keti na walimu wa hapa Dodoma wanaokaribia miaka 60. Hatakosekana mmoja wa kutoa simu na kuanza kupiga hesabu ya kiinua mgongo chake. Nami nimepiga yangu, maana asilimia peke yake haisemi kitu.

Mchukue mtumishi wa miaka 30 kazini, ambaye mshahara unaotumika kukokotolea ni Sh1 milioni. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi iliyotoa asilimia 50 kwa mkupuo, angepata mkupuo wa Sh62 milioni na pensheni ya Sh333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sasa anapata mkupuo wa Sh37.2 milioni na pensheni ya Sh372,000. Kapungukiwa karibu Sh25 milioni, kaongezewa Sh39,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo, itabidi aishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu. Akistaafu na 60, afike karibu 113!

Kwa hiyo wanaosema fedha ni zilezile, zimegawanywa tu upya, wanakosea. Kutoka 33 kwenda 40 ni kugawanya upya, kweli. Lakini kilichokata mafao ni kugawanya miezi ya kazi kwa 580 badala ya 540, na kuzidisha mkupuo kwa 12.5 badala ya 15.5. Namba hizo mbili husikii zikitajwa sana kwenye maandamano ya Mei Mosi.

Sasa upande wa mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, ambao nao una hesabu zake. Mtumishi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. Tujifanye yule mtumishi alilipwa milioni tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halitokei: michango yote ya miaka 30 ni Sh72 milioni. Toa mkupuo wa zamani wa Sh62 milioni, inabaki Sh10 milioni, na hiyo inalipa pensheni ya Sh333,000 kwa miaka miwili na nusu. Baada ya hapo ni faida ya uwekezaji, au ni michango ya vijana walioajiriwa juzi. Anayetaka kanuni ya zamani na asilimia zake 50 irudi bila kugusa makato anamwambia kijana aliyeajiriwa juzi kwenye Mji wa Serikali, Mtumba, amlipie.

Ila mfuko haukukauka kwa ukarimu wa kanuni tu. Kabla ya 1999 watumishi wa serikali walikuwa hawachangii. Pensheni ilitoka Hazina. PSPF ilipoanza ikabebeshwa na miaka ile ambayo haikuchangiwa hata senti. Deni hilo lilifika Sh4.6 trilioni, likahamia PSSSF mifuko minne ilipounganishwa 2018, na mwishoni mwa 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu ya Sh2.17 trilioni. Ongeza fedha za mifuko zilizojenga Chuo Kikuu cha Dodoma, ambazo Serikali ilichelewa mno kuzirejesha. Majengo yale tunayaona kila siku kule Chimwaga, na kama mkazi nayafurahia. Mstaafu aliyagharamia bila kuulizwa.

Kwangu mambo haya mawili yasichanganywe. Ahadi ya kabla ya 1999 ni ya Serikali, basi Hazina imalize yote, hata kwa hatifungani nyingine. Ama nyongeza yoyote mpya ya mkupuo itoke kwenye michango: mtumishi akitaka mkupuo mkubwa, makato yapande, ya kwake na ya mwajiri.

Najua mwajiri ni Serikali, na fedha zake ni kodi. Ndiyo maana nasita. Mama anayelima zabibu Mpunguzi analipa VAT ya asilimia 18 kwenye kipande cha sabuni, naye hana mfuko wala kikokotoo cha kubishania. Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Sh20,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi Sh50,000, awe alichangia au hakuchangia. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Deni la mfuko likishalipwa, shilingi ya kwanza itakayobaki ningempelekea mama huyo kabla ya kumrudishia mwalimu asilimia zake 50, na naelewa kabisa kwa nini mwalimu aliyejenga nusu nyumba Nala akisubiri mkupuo hatakubaliana nami.