Maiki si ya wenye sauti ndogo

Kila waandaaji wa mikutano ya madevelopa (watengenezaji wa programu za kompyuta) wanapowatumia watoa mada mwongozo, hapakosi wa kunung'unika. Herufi ziwe kubwa, tumia maiki, chunga utani, usiseme jambo ni rahisi kiasi kwamba hata mama yako angeliweza. Wengine huona huko ni kufundishwa adabu ukubwani.

Manung'uniko hayo yana msingi. Mikutano hii, iwe Nairobi au Dar, huendeshwa kwa kujitolea. Mtoa mada halipwi. Anaandaa slaidi usiku akitoka kazini, na ukimrundikia masharti anaweza kuamua bora abaki nyumbani. Wa kwanza kukimbia ni yule mgeni wa jukwaa, ambaye ndiye tunayemtafuta. Tena wanaonung'unika wanao mfano wa kuogofya: PyCon ya Marekani, mkutano wa lugha ya programu ya Python, Machi 2013. Utani wa wanaume wawili waliokaa ukumbini ulimkera mwanamke mmoja, akawapiga picha na kuirusha Twitter. Mmoja wa wanaume wale akafutwa kazi, kisha mwanamke mwenyewe naye akapoteza ya kwake. Hakuna aliyenufaika.

Ila kisa kile kilihusu adhabu na jinsi ya kulalamika. Mwongozo wa watoa mada, kwa sehemu kubwa, unahusu watu kuona, kusikia na kufuata kinachosemwa.

Chukua maiki. Mtoa mada anaisukuma pembeni, "sauti yangu inatosha," halafu anauliza: "Mnanisikia huko nyuma?" Watu watatu wanne wanaitikia, "Tunasikia!" Basi, kesi imekwisha. Lakini waliojibu ni wale waliolisikia swali. Ambaye halikumfikia atajibuje? Na aliyesikia nusunusu hana hamu ya kusimama mbele ya ukumbi mzima atangaze habari za masikio yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 430, zaidi ya asilimia 5 ya walimwengu, wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Mbishi atasema wengi wao ni wazee, na kumbi zetu zimejaa vijana. Ni kweli, kwa hiyo tusizidishe asilimia 5 kwa idadi ya viti. Tuseme hata hayupo mmoja. Bado kuna feni, kuna jenereta nje ya dirisha, na kuna anayefuatilia kwa Zoom kutoka Mwanza, ambaye bila maiki anaona midomo ikichezacheza tu. Swali la ukumbini nalo lisiporudiwa, yeye anaambulia "Swali zuri, inategemea," asijue inategemea nini.

Herufi ni vivyo hivyo. Viwango vya kurasa za wavuti vya W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Msimbo wa programu wa kijivu juu ya weusi unapendeza kwenye laptopu. Kwenye projekta iliyochoka, saa nane mchana, pazia jepesi, hata mwenye macho ya mwewe haoni kitu.

Utani ndio mgumu zaidi. Aprili 2009, kwenye mkutano wa lugha ya programu ya Ruby huko San Francisco, mtoa mada alieleza hifadhidata ya CouchDB kwa picha za wanawake nusu uchi, na watetezi wakasema ni mzaha tu. Sijaona bado aliyeonyesha picha zile zilimsaidia nani kuielewa hifadhidata. Na hoja kwamba kuchunga utani ni mambo ya Wazungu inanishangaza. Mswahili gani anaachia mzaha barazani kabla ya kutazama nani amekaa?

Mwongozo mrefu ufupishwe, hilo nawaunga mkono wanaonung'unika. Malalamiko yapelekwe kwa kamati, si mtandaoni. Waandaaji nao wabebe sehemu yao: watoe slaidi tupu zenye herufi kubwa tayari, wamkumbushe mtoa mada kurudia maswali, na betri za maiki wazikague kabla watu hawajaingia.