Kinachomchosha Muuguzi Mwanafunzi ni Rota

Muuguzi wa cheti akiniuliza kama anaweza kusomea diploma huku yuko kazini, humjibu kwa swali: inchaji wako ni nani? Wengi hucheka wakidhani natania. Ada hutafutwa, iwe kwa chama, kwa sako au kwa kuuza bangili aliyoachiwa na nyanya yake. Vitabu navyo havimtishi mtu aliyezeeka wadini. Lakini kama inchaji, yaani mkuu wa wadi anayepanga zamu, hataki usome, chuo utakisikia kwenye simu tu.

Kwa asiye wa fani hii, mgonjwa haoni tofauti yetu. Kwake sote ni "sista". Usiku wadini dripu ni ile ile na vidonda ni vile vile, awe anayeshughulika ni muuguzi aliyeandikishwa kwa cheti au aliyesajiliwa kwa diploma. Tofauti iko kwenye mshahara, kwenye nani anaongoza zamu, na kwenye milango inayofunguka mbele: kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa upasuaji, wa figo. Mwenye cheti huitazama milango hiyo kwa mbali, hata kama ndiye aliyemfundisha kazi huyo msajiliwa mpya aliyekuja juzi.

Kwamba watu hawa wanafaa kusoma bila kuacha kazi si wazo jipya. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya, walianzisha masomo ya masafa kwa kompyuta yaliyolenga wauguzi wa cheti wapatao 22,000. Hoja ilikuwa wazi: ukiwatoa wote hao ukawapeleka bwenini, wagonjwa utawaachia nani? Mpango ule uliwapandisha wengi, na vyuo vingine vikaiga. Ila nionavyo mimi, kazi ilifanyika nusu. Kompyuta ililetwa hospitalini, muda wa kuikalia haukuletwa.

Tazama mambo yanavyokwenda. Chuo hutoa ratiba ya muhula mzima. Hospitali hutoa rota, yaani ratiba ya zamu, ya wiki mbili, na pengine hubandikwa Ijumaa jioni ianze Jumatatu. Ratiba hizo mbili hazijuani. Anayeziunganisha ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kubembeleza wenzake kwenye korido.

"Dada, nishikie Alhamisi jioni, nami nitakushikia Jumapili."

"Jumapili nina arusi, mwanangu. Haya, nitakushikia, lakini Idi ni yako."

Na Idi ikawa yangu kweli. Waislamu walinidai Idi, Wakristo wakanidai Krismasi na Pasaka, mwisho nikawa sina sikukuu ya dini yoyote. Siwalaumu hata kidogo. Wao ndio walionisomesha, na hakuna barua ya hospitali iliyowahi kuwashukuru. Ninachokataa ni mpango mzima wa elimu ya wauguzi kutegemea huruma ya mtu ambaye naye ana watoto na amechoka.

Tena darasani ndiko afadhali. Mazoezi ya wadini ndiyo humvunja mtu, kwa sababu mtaala unataka uonekane uzazi, upasuaji, afya ya jamii, afya ya akili, kila mahali na saa zake na sahihi ya msimamizi. Chukua muuguzi wa Mombasa anayefanya kazi Likoni na amepangiwa mazoezi ya afya ya akili hospitali ya Port Reitz, ng'ambo ya pili. Anatoka naiti saa moja na nusu asubuhi baada ya kukabidhi ripoti. Anavuka feri, anatafuta matatu, anakaa kwenye foleni ya malori ya Changamwe. Akifika anaambiwa amechelewa. Mwezi wa Ramadhani ongeza funga juu yake, na daku aliyoila wima kati ya kitanda na kitanda. (Na wapo walimu wa mazoezi watakaomtaka mtu huyo aonyeshe kwanza jinsi ya kutandika kitanda chenye mgonjwa. Mtu aliyetandika vitanda hivyo tangu mwalimu yuko sekondari!)

Basi kuna faida gani? Mimi nasema ipo, na si ya mshahara pekee.

Nichukue kifafa cha mimba. Mama anapopewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kuangalia. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika. Ukimgonga chini ya goti mguu uruke. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nilikuwa nikiyafanya haya kila siku, na nikiyafanya vizuri, kwa sababu bango la ukutani lilisema hivyo. Darasani ndipo bango lilipopata maana. Dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikilegea, mkojo hupungua, na dawa hubaki ikijilimbika kwenye damu. Ikizidi, mguu ndio huacha kuruka kwanza, halafu pumzi nazo hufuata. Kumbe mambo yale matatu ni hadithi moja, na ndiyo maana kalsiamu glukoneti hukaa pale pale kando, tayari kuipinga.

Sasa fikiria usiku ambao mfuko wa mkojo wa mama una mililita 10 kwa saa nzima. Anayefuata bango humpigia daktari na kuuliza afanye nini. Aliyeelewa hupiga simu na kusema, "Daktari, dozi nimeizuia, na sababu ni hii." Kati ya simu hizo mbili kuna dakika ambazo mama hana za kupoteza. Na elimu yenyewe haikai mahali pamoja. Sisi tulifunzwa kwamba uchungu hasa huanza kuhesabiwa njia ya uzazi ikifunguka sentimita 4. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema 5. Asiyerudi darasani atamharakisha mzazi asiyehitaji kuharakishwa.

Faida hii anaivuna nani? Hospitali, tena kuanzia wiki ile ile, kabla hata cheti hakijachapwa. Ndiyo maana nadai hospitali ichangie, na mchango ninaoudai si pesa. Nadai saa.

Najua jibu la matroni: "Watu hawatoshi, mwanangu." Hawatoshi, ndiyo. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013 tumelisikia neno hilo, na mgomo wa wauguzi wa 2017, uliokaribia miezi mitano, haukulimaliza. Lakini muuguzi aliyetoka kwenye mtihani akaingia naiti bila kulala, hospitali inamhesabu kuwa yupo. Ndiye huyo anayechota insulini saa kumi za usiku macho yakimfunga. Kwenye rota jina lake limejaza pengo, na matroni ameridhika. Mgonjwa je?

Kinachohitajika hakina ufundi mkubwa. Mwanafunzi alete ratiba ya chuo muhula unapoanza. Inchaji ampangie siku mbili za wiki zisizoguswa, na asipangiwe usiku wa kuamkia mtihani, yote yakiwa kwenye maandishi, ili inchaji akihamishwa makubaliano yasihame naye. Kwa malipo ya hayo, mwanafunzi atie sahihi kwamba akihitimu atabaki miaka miwili. Wengi wetu tungetia sahihi hiyo bila kusoma mara ya pili. Naye upande wake ahakikishe mapema kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza na kwamba yeye mwenyewe ameorodheshwa huko kama mwanafunzi, maana wapo waliomaliza ada wakakwama kwenye mlango wa mtihani wa Baraza.

Akishafaulu, apewe cheo chake. Wauguzi wamefuatilia barua ya kubadilishiwa cheo ofisi hadi ofisi, huku wakifanya kazi ya msajiliwa kwa mshahara wa cheti. Kisha Kenya na Uingereza zikatiliana saini mwaka 2021 juu ya kuwaajiri wahudumu wa afya wetu, na nchi za Ghuba nazo zilikuwa zikiwachukua tangu zamani. Mwajiri ambaye hakutoa hata Alhamisi moja, muuguzi wake akifunga mizigo kwenda huko, sioni ana deni gani la kumdai.